Handaki la Maganda

Émérence alikuwa amepiga magoti ndani ya shimo, akitandaza majivu kwa viganja vya mikono, wakati kivuli kilipoanguka juu ya kazi yake na kubaki pale pale.

Hakuinua kichwa. Alidhani ni Georgette, jirani wa upande wa kushoto, ambaye tangu asubuhi alikuwa akija na kurudi kukagua ukuta mwembamba wa udongo uliotenganisha shimo lake na la Émérence.

"Mama Georgette, ukuta wako uko muzima," alisema, huku akiyasukuma majivu mpaka pembeni. "Sikuugusa hata na kidole. Wende upumzike."

Kokoto chache zikaporomoka na kutua kwenye majivu. Émérence akageuka, akaona buti mbili zilizojaa vumbi jekundu, na juu ya buti suruali ya askari.

"Toka humo," sauti ikasema. Haikuwa ya ukali. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Shimo lilimfikia mabegani. Alijivuta juu kwa viwiko na hakuna aliyempa mkono. Aliposimama na kujipangusa magoti aliwaona watatu: sajini mfupi wa makamo, na vijana wawili waliokwisha kushusha bunduki zao mabegani. Jeep yao ilikuwa barabarani, injini ikinguruma.

Sajini hakumwuliza jina. Alikuwa akiliangalia shimo, polepole, kama mtu anayesoma. Lilianzia kwenye ua wa Émérence, likapinda kukwepa jiko la Georgette, likanyooka, likapinda tena kukwepa bomba la maji la mtaa, kisha likaenda mpaka karibu na nyumba ya mwisho. Upande wa barabara, udongo wote uliochimbwa ulikuwa umelundikwa na kupigwapigwa kwa sepetu ukawa tuta refu, laini.

Sajini akaruka ndani. Akaegemea tuta, akaweka kiwiko juu yake, akainua mkono wa kushoto kana kwamba umeshika bunduki. Kiwiko kilitulia vizuri sana. Kutoka pale aliweza kuiona barabara yote mpaka reli.

"Muzungu mumoja alitufundisha kuchimba hivi," alisema kutoka ndani, bila haraka. "Alichora ubaoni. Handaki halinyooki, linapinda, risasi isipite moja kwa moja. Udongo unautupa upande wa adui. Na katikati unaacha kuta, kusudi bomu likianguka huku, bantu ba kule bapone." Akaupiga ukuta wa Georgette kwa ngumi. "Ni kazi muzuri hii. Nani alichimba?"

Émérence alitupa jicho kwenye mlango wa nyumba yake.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Katanga ijitenge na Kongo. Kwenye ramani mji uliitwa Jadotville, ingawa pale kwenye mtaa wa Kikula watu waliendelea kusema Likasi. Askari wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa, walikuwa wamepiga kambi nje ya mji kwenye barabara ya Élisabethville, na kila mtu alijua vita viko njiani, ila hakuna aliyejua vitafika siku gani. Watu wa asili ya Kasai walitazamwa kwa jicho baya; ilisemwa kwamba wao hawaitaki Katanga mpya. Mwezi uliopita Symphorien, fundi wa baiskeli wa mtaa wa nyuma, mtu wa Kasai, alichukuliwa kwa sababu redio yake ilisikika ikizungumza usiku. Mke wake alikuwa bado anampelekea chakula kwenye lango la kambi, na bado anarudishwa nacho.

Na Casimir, mume wa Émérence, alikuwa mtu wa Kasai.

Alikuwa ndani, amelala, kwa kuwa alikuwa ametoka zamu ya usiku kiwandani. Émérence aliomba moyoni aendelee kulala. Alikuwa amekwisha kuliandaa jibu: tumechimba sote, serja, mtaa mzima. Lilikuwa karibu kuwa kweli. Lakini mlango ulilia nyuma yake na Casimir akatoka na fulana yake ya ndani, macho yamevimba kwa usingizi, akasikia swali likirudiwa.

"Nani alichimba?"

"Ni minye," Casimir akasema.

Alisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Waume wengine walikuja na majembe yao siku mbili tatu wakaacha, maana udongo wa mwisho wa kiangazi ni mgumu kama tofali. Yeye aliendelea na sururu yake kila alipotoka kazini. Alitaka majirani waseme kwamba mtu wa Kasai ni jirani mwema.

Sajini aliisikia lafudhi yake. "Weye ni muntu wa wapi?"

"Nilizaliwa Luputa."

Mmoja wa wale askari vijana akabadilisha mkono wa kushikia bunduki.

"Na hii ni ya nini?"

"Ya takataka, serja."

Kijana akacheka kwa pua. Sajini hakucheka. Alitembea ndani ya shimo kutoka ukuta hadi ukuta, akipanda juu ya kila mmoja na kushuka upande wa pili, akaangalia chini. Hapakuwa na kitu, isipokuwa yale majivu ya Émérence. "Takataka," alirudia. "Iko wapi?"

Émérence akadakia. Alieleza kama alivyoeleza kwa kila mlango tangu msimu wa baridi. Kamyo, lori la taka, ilikuwa imechukuliwa na jeshi kwenda kubebea mifuko ya mchanga, haikurudi. Lundo la kona lilikua mpaka likafunika nusu ya barabara. Nzi walifika hata kwenye bukari, ugali ulio mezani. Watoto waliharisha, na mmoja, wa Georgette, akafa. Ndipo wanawake wakakubaliana kupunguza kile kinachotoka nyumbani: makopo kwa Fidèle, anayeyakata kuwa taa na vikombe; mifupa na vitambaa kuchomwa; maganda, mabua ya sombe, yaani kisamvu, na majani kulazwa shimoni kwa tabaka, na majivu kati yake, mpaka yageuke mbolea ya bustani. Lundo la zamani walikuwa wamelimaliza wiki iliyopita, yaliyooza yakapelekwa bustani za mtoni, mengine yakachomwa. Sasa walitaka mashimo yawe tayari kabla mvua ya kwanza haijasukuma uchafu kwenye visima.

"Na udongo?" sajini akauliza. "Juu ya nini muliutupa wote upande wa barabara?"

"Juu ya mvua. Maji ya barabara yasiingie ndani."

Sajini aliitika kwa kichwa. Majirani walikuwa wametoka mmoja mmoja na kusimama kwenye nyua zao: Fidèle na mkasi wake wa bati mkononi, Georgette amekunja mikono kifuani, na wengine nyuma yao.

"Bon," akasema sajini. "Maneno ya maji ninayasikia. Sasa uniambie neno moja tu. Kwetu shimo la taka ni moja, la mviringo, bantu bote banatupa humo. Ninyi muko na shimo refu kama treni, na vyumba ndani. Juu ya nini?"

Georgette akaangalia ukuta wake.

Jibu kila mtu alilijua, na hapakuwa hata mmoja aliyewahi kulisema kwa sauti. Siku ile ya mkutano, baada ya misa, Émérence alipendekeza shimo moja kubwa karibu na bomba. Wanawake walikubali yote mengine, lakini kwa hilo walianza kuangalia kando. Mmoja alisema ni mbali. Mwingine alisema litanuka. Georgette alisema tu hapana. Mwishoni wakakubaliana kila nyumba ichimbe mbele ya ua wake, na ukuta ubaki kati. Émérence alifurahi kupata hata hicho. Hakuona, wala hakuna aliyeona, kwamba mashimo kumi na kitu yaliyopangwa mstari mmoja ni kitu kingine.

Alimtazama Casimir. Alikuwa amesimama wima, mikono imenyooka, kama anavyosimama mbele ya mkubwa wake kiwandani. Miguuni hakuwa na viatu.

"Juu ya woga, serja," Émérence akasema.

"Woga wa nani?"

"Wa sisi kwa sisi." Émérence akanyoosha mkono kwenye zile kuta. "Hapa hakuna mama anataka maganda yake yalale pamoja na ya jirani. Mabaki ya chakula ya muntu, nywele zake, kitambaa cha mutoto wake… banasema muntu mubaya akivishika anaweza kukumaliza navyo. Basi kila mumoja alitaka shimo lake, alione na macho yake. Njo maana ikakuwa refu."

Fidèle aliangalia mkasi wake. Mama mmoja akajifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Émérence alijua kwamba ameufungua mtaa mzima mbele ya askari kama mtu anayefungua kabati la mwenzake, na kwamba hata kama Casimir atabaki, kuna milango ambayo haitamfungukia tena kama zamani.

"Ni kweli?" sajini akawauliza walioko kwenye nyua.

Hakuna aliyesema ndiyo. Lakini macho yao, bila kupanga, yalikwenda upande mmoja, kwenye nyumba ya mwisho, ambako handaki lilikoma hatua chache kabla ya kufika. Mbele ya mlango wa nyumba hiyo kizee mmoja alikuwa ameketi kwenye kigoda, akigeuza samaki wakavu juani. Alikuwa Berthe, mjane aliyekuja zamani kutoka ufuko wa ziwa Tshangalele. Hakuwa amealikwa kwenye mkutano, wala hakupewa sehemu ya shimo.

Sajini aliyafuata macho yao, akamwona, akaelewa. Yule kijana aliyecheka akasogea hatua moja nyuma kutoka ukingoni.

"Mama yangu anachoma nywele zake mpaka leo," sajini akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu wa nyumbani. Akapanda juu, akajikung'uta. "Mama, minye naweza kukuamini. Lakini handaki hili liliripotiwa tangu jana, na kesho saa mbili asubuhi komanda mwenyewe anakuja kuliona. Yeye hana mama wa namna hiyo. Nikimwambia banaogopana, atacheka, halafu atanifunga na minye."

"Basi tutalifukia, serja," Casimir akasema haraka. "Leo leo. Udongo uko hapa."

"Ukilifukia leo, kesho atauliza umezika nini ndani. Utalifukua tena na mikono yako mwenyewe, bunduki iko mugongoni." Sajini alivaa kofia yake. "Kesho nataka kukuta takataka. Tangu mwanzo mpaka mwisho, mpaka juu. Akikuta taka, ni shimo la taka, ataziba pua na kwenda zake. Akikuta handaki…" Hakumaliza. Alimwonyesha Casimir kwa kidevu, kisha sururu iliyoegemea ua, na akaondoka.

Jeep ilipopotea, majirani walikuja wakasimama ukingoni mwa shimo.

Fidèle ndiye aliyeanza. "Yaani," akasema, "tangu mwezi wa tano tunalia takataka, takataka, na leo ndiyo tunaitafuta?"

Mtu alicheka kidogo akajizuia. Halafu wakakimbia kila mmoja kwake, na walichorudi nacho kiliwaonyesha jinsi walivyofanya kazi vizuri. Nyumba hii ilileta ndoo nusu ya maganda ya muhogo. Ile, kikapu cha maganda ya mahindi. Fidèle alileta vipande vya bati visivyofaa hata kwa kibatari, vikajaa kofia moja. Walimwaga vyote mahali pamoja karibu na bomba, bila hata mmoja kukumbuka kuuliza hili ni ganda la nani, na havikufunika hata sakafu ya chumba kimoja.

"Mutaa wa juu?" mama mmoja akauliza.

"Wanachoma kila jioni," mwenzake akajibu. "Na kuvuka barabara na vikapu vyote hivi, doria itasema tunabeba nini?"

"Casimir akimbie," Fidèle akasema.

"Aende wapi?" akasema Émérence. "Kila njia iko na kizuizi. Na akikimbia, njo amekubali."

Casimir alikuwa amechukua sururu na kuigeuza mikononi kama kitu asichokijua. Jua lilikuwa limeanza kuelekea upande wa machimbo ya Shinkolobwe. Amri ya kutotoka nje ilianza saa kumi na mbili jioni, na baada ya hapo askari hawakuuliza kwanza.

Émérence aligeuka, akaanza kutembea kuelekea nyumba ya mwisho. Nyuma yake alimsikia Georgette akiita jina lake, mara moja, kama mtu anayemwita mtoto aliyekaribia moto.

Berthe hakuinuka. Aligeuza samaki mmoja, akageuza wa pili.

"Mama Berthe, hodi."

"Hodi yako iko na miaka tisa kwa njia," akasema kizee. "Imetembea pole pole. Karibu."

"Mama, unasikia shida yetu?"

"Masikio minye niko nayo. Munaogopana, umesema. Umesema vizuri. Uliacha tu jina."

Émérence aliinama, kama mtu anavyomwinamia mkwe. "Ninakuomba takataka yako, mama."

Berthe akacheka, kicheko kikavu kilichoishia kwenye kikohozi. "Bantu ba Kikula! Leo muko na njaa ya takataka." Kisha akamwangalia. Alisema, polepole zaidi, kwamba alipokuwa bado anakwenda na kikapu chake kwenye lundo la kona, watoto wao walimrushia mawe, na mama zao walisimama kwenye nyua wakitazama. Basi akaacha kwenda. Kila alichofagia alikimwaga nyuma ya nyumba. Majivu, magamba ya samaki, mifupa, mikeka iliyooza, vikapu vilivyotoboka, maganda ya miwa ya miaka na miaka. "Nenda uone. Iko mulima."

Émérence alizunguka nyumba na kuuona. Ulifika kwenye dirisha. Ungeweza kujaza handaki karibu lote.

Aliporudi, Berthe alikuwa ametoa mtungi na kikombe cha bati nje ya mlango. "Anayetaka, aingie kwa mulango wa mbele," akasema. "Siyo kwa ua, kama mwizi. Aniite kwa jina. Anywe maji yangu. Halafu abebe."

Émérence alikishika kikombe kwa mikono miwili. Mwenyewe alikuwa amewafundisha watoto wake wasipokee hata embe kutoka kwa mkono ule. Alifunga macho, akanywa. Maji yalikuwa baridi, yalikuwa maji tu.

"Asante, mama Berthe."

"Usifunge macho siku nyingine. Maji yataingia puani."

Casimir ndiye aliyefuata, akanywa kikombe kizima kama mtu aliyetembea safari ndefu, akaomba cha pili. Kisha Fidèle, aliyesimama na kikombe mdomoni muda mrefu hata wake za watu wakaanza kumcheka.

"Unabusu ao unakunywa?" mmoja akamwita.

Alimeza, akakunja uso. "Maji iko na harufu ya samaki."

"Nyumba yote iko na harufu ya samaki," Berthe akajibu. "Ulifikiri nauza maua?"

Baada ya hapo walikuja, si wote, lakini wengi wao. Wengine walinywa tone moja na kujifuta midomo mara mbili. Mama mmoja alifanya ishara ya msalaba kwanza, na Berthe akamwambia hata yeye hufanya hivyo kabla ya kunywa maji ya Kikula. Wakaanza kubeba. Walitumia vikapu, mabeseni, ndoo, na toroli la Fidèle lililolia gurudumu. Walianzia upande wa Berthe na kurudi kuelekea kwa Émérence. Casimir alikuwa ndani ya handaki akisambaza kwa sepetu. Alipofika kwenye ukuta wa kwanza wa udongo alisimama, akamtazama mwenye shimo, mama aliyekuwa amefika na beseni la magamba kichwani. Mama yule aliangalia ukuta wake kwa muda. "Ubomoe tu," akasema. "Komanda asione ukuta ndani ya taka." Casimir akaubomoa. Kwenye ukuta wa pili hakusimama tena kuuliza.

Émérence alijua kilichokuwa kikipotea. Glasi iliyovunjika ilichanganyika na maganda, vitambaa na majivu, na hapakuwa na tabaka tena. Mbolea hiyo haitafaa kitu, na kazi ya msimu mzima ingebidi ianze upya mahali pengine. Alimwaga kikapu chake bila kuangalia, akarudi kuchukua kingine.

Walipofika kwenye bomba jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mabati ya nyumba. Mlima wa Berthe ulikuwa umepungua nusu. Wakaendelea. Walipofika kwenye kona ya jiko la Georgette, Georgette alikuwa amesimama juu ya ukuta wake, miguu miwili, mikono bado imekunjwa.

Casimir aliacha sepetu. Émérence akaweka beseni chini.

"Georgette."

"Hapana."

"Ni mpaka kesho tu. Komanda akipita, tutayatoa. Nitayatoa mwenyewe."

"Mutoto wangu alikufa, Émérence." Alisema bila kupaza sauti. "Sasa iko miezi mitatu. Alikuwa anakwenda kwa ile nyumba kuomba samaki, minye namupiga, anakwenda tena. Na sasa unataka nilale na vitu vya yule mama mbele ya mulango wangu?"

Nyuma yao, kwenye kigoda chake, Berthe alikuwa mbali mno kusikia, lakini alikuwa ameacha kugeuza samaki. Émérence alitaka kusema kwamba ni nzi, kwamba ni lundo, kwamba yeye mwenyewe aliwahesabu watoto wengine walioharisha ambao hawakuwahi kuikaribia nyumba ile. Alikuwa amekwisha kuyasema hayo yote kwenye mkutano. Alimtazama Georgette na kuona kwamba hata kama yangekuwa kweli mara mia, kwake yangekuwa ni kumnyang'anya mtu wa kumlaumu, na kumwachia tu kaburi.

Akarudisha beseni kichwani, akakizunguka chumba cha Georgette, akaenda kumwaga kwenye shimo lake mwenyewe, juu ya majivu aliyokuwa ameyatandaza mchana.

Wakabeba wakikikwepa chumba kile. Kilibaki wazi katikati, kirefu, safi, na kuta zake mbili zimesimama wima. Kutoka barabarani kilionekana vizuri kuliko hata handaki zima lilivyoonekana mwanzo. Fidèle alikiangalia, akaguna.

Filimbi ya doria ikalia upande wa soko. Kisha ya pili, karibu zaidi.

"Ndani," akasema Casimir. "Bote, ndani."

Shimo la Émérence lilikuwa limefika magotini tu. Kwa Berthe bado kulikuwa na robo ya mlima. Amri iliisha saa kumi na mbili asubuhi, na komanda alikuwa anakuja saa mbili. Wanawake walipanga vikapu na mabeseni yao mstari mmoja kwenye ukuta wa nyumba ya Berthe, tayari, kila chombo kikiwa kimegusana na cha mwenzake, wakatawanyika bila kuagana. Berthe aliingiza samaki wake na mtungi, kikombe akakiacha nje juu ya kigoda.

Émérence alikuwa kwenye mlango wake wakati alipomwona Georgette akivuka ua. Alikwenda moja kwa moja kwenye sururu iliyokuwa imeegemea pale sajini alipoiona. Akainyanyua kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito kwake.

"Ile ni ya Casimir," Émérence akasema kwa sauti ya chini.

"Ninajua ni ya nani." Georgette hakumtazama. "Isikutwe kwenu. Bakiuliza, minye niko na neno la kusema, na bwana yangu alizaliwa hapa."

Aliiburuta mpaka kwake, na ncha yake ikachora mstari kwenye vumbi kutoka ua hadi ua. Émérence aliona mstari huo, akachukua ufagio, akaufuta mpaka mlango wa jirani. Filimbi ikalia kwa mara ya tatu. Akaingia, akafunga.

Casimir alikuwa ameketi kwenye kiti, amevaa viatu. Wakija kumchukua usiku, alisema, wasimkute miguu mitupu. Aliweka ufagio pembeni, akatoa ndoo ya maganda ya chakula cha jioni ambacho hakuna aliyekila, akaiweka karibu na mlango, mahali mkono wake ungeipata kwanza kukipambazuka.